Uzi na sindano: historia ya teknolojia inayoshika kurasa

Leo sitaandika juu ya Linux wala juu ya simu mpya zilizoingia madukani. Nataka tuzungumzie teknolojia kongwe kuliko zote ambazo nimewahi kuzitaja hapa. Haihitaji umeme, haihitaji nywila, na ikiharibika, mtu mwenye sindano, uzi na subira anaweza kuitengeneza. Ni ushonaji wa vitabu kwa mkono.

Najua swali lenu. Mwandishi wa programu na sindano, wapi na wapi? Lakini fikiria kidogo. Kazi yetu kubwa sisi watu wa tarakilishi ni kuhifadhi habari kwa mpangilio, ili anayeitafuta kesho aipate jinsi ilivyowekwa jana. Kazi hiyo haikuanza na sisi. Kabla ya hifadhidata kulikuwa na mtu aliyekaa mbele ya rundo la karatasi zilizokunjwa, akijiuliza: nitazishikaje hizi zisipotee, zisichanganyike, na bado zifunguke? Jibu alilolipata lina zaidi ya miaka 1,600, na linafanya kazi mpaka leo.

Kabla hatujaanza, chukua kitabu chochote kilicho karibu nawe. Kitazame kwa juu, pale mgongo unapokutana na kurasa. Ukiona mafungu madogo madogo yaliyokunjwa, yamepangwa moja kando ya jingine, kitabu hicho huenda kimeshonwa. Kifungue katikati ya fungu moja uone kama uzi upo. Ukiona karatasi moja moja zimesimama kama vipande vya mkate, zimeshikwa na ukanda wa gundi tu, basi hakikushonwa. Weka jibu lako akilini, tutalihitaji.

Kutoka gombo hadi kitabu

Watu wa kale wa Misri, Ugiriki na Roma waliandika kwenye magombo. Gombo ni kama kaseti ya muziki. Ukitaka wimbo wa nane, ni lazima uzungushe kupita zile saba za kwanza. Katika karne za kwanza baada ya Kristo, watu wa nchi za Mediterania walianza kukunja mafunjo na ngozi katikati, wakazipachika moja ndani ya nyingine na kuzifunga kwenye mkunjo. Sasa unaweza kufungua popote. Ukiandika namba juu ya ukurasa, unaweza kumwambia mwenzako afungue ukurasa wa 40 naye akafika hapo mara moja. Sisi leo tunatofautisha kumbukumbu ya kusomwa kwa mfululizo na ile ya kufikiwa popote. Tofauti hiyo ilikuwepo zamani sana, mezani pa mwandishi.

Mwaka 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi huko Misri ya Juu, wakulima walichimbua mtungi uliokuwa na vitabu vya mafunjo. Mkusanyiko huo unahesabiwa kuwa kodeksi 13, za karne ya 4. Ndani ya jalada la kimojawapo mlikuwa na makaratasi chakavu yaliyogundishwa ili kulikaza, na baadhi ya makaratasi hayo yana tarehe: miaka ya 341, 346 na 348. Kwa hiyo tunajua jalada lile halikutengenezwa kabla ya hapo. Fundi alitumia taka za ofisi, na taka hizo ndizo zinazotupa tarehe leo.

Karibu vitabu vyote vya Nag Hammadi ni vya fungu moja. Yaani karatasi zote zimepachikwa moja ndani ya nyingine, kisha zikafungwa katikati kwa vipande vya ngozi. Ni wazo rahisi lakini lina kasoro. Jaribu mwenyewe: kunja karatasi 30 pamoja uone. Zile za katikati zitasukumwa nje na kuchomoza kuliko za nje. Ukizikata zilingane, kurasa za katikati zinakuwa nyembamba kuliko za mwanzo na mwisho. Hivyo ndivyo ilivyo katika vitabu vile vya Misri. Kadiri kitabu kinavyokuwa kinene, ndivyo kasoro inavyokua.

Waandishi wa programu mnalijua tatizo hili. Ni programu iliyoandikwa yote katika faili moja. Inakwenda vizuri mpaka inakuwa kubwa.

Suluhisho lilikuwa lile lile tunalolitumia sisi: gawanya. Badala ya fungu moja la karatasi 40, tengeneza mafungu 10 ya karatasi 4. Kila fungu linajitegemea, linaandikwa peke yake na kukaguliwa peke yake. Codex Sinaiticus, ile Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4 iliyokuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai, imegawanywa hivyo: mafungu mengi ni ya karatasi 4 zilizokunjwa kuwa majani 8, nayo yamepewa namba. Mafungu yale yangemwagika sakafuni, msomaji angeyapanga tena bila wasiwasi.

Lakini kugawanya kunaleta swali jipya. Mafungu hayo yataunganishwaje?

Mshono wenyewe

Jibu la Wamisri Wakristo, yaani Wakopti, lilikuwa mshono wa mnyororo. Nitaueleza polepole maana ndio moyo wa habari hii.

Toboa matundu kwenye mkunjo wa kila fungu, yakae mahali pamoja katika mafungu yote. Msharasi wa mshonaji viatu unafaa sana kwa kazi hii. Paka uzi wako nta ya nyuki ili usiteleze wala kujisokota. Anza na fungu la kwanza: sindano iingie tundu la mwisho, ipite ndani ya mkunjo, itokee tundu linalofuata. Ukifika fungu la pili, kila sindano inapotoka nje inateremka, inazunguka nyuma ya mshono wa fungu lililotangulia, kisha inarudi katika tundu lile lile ilimotoka na kuendelea ndani. Fungu la tatu linashika la pili, la nne linashika la tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukitazama mgongo utaona misuko midogo imepangana kama nywele zilizosukwa vizuri.

Aliyesoma mambo ya data ataitambua mara moja: ni orodha ya mnyororo, ambapo kila kiungo kinajua kilichomtangulia. Kuna jambo moja zaidi. Uzi haushiki ukingo wa karatasi, unapita ndani ya mkunjo. Ili karatasi itoke, ni lazima ama uzi ukatike ama karatasi yenyewe ichanike. Tena hakuna gundi inayokaza mgongo, kwa hiyo kitabu kinafunguka na kulala mezani bila kushikiliwa.

Mshono huu ulisafiri mbali. Injili ya Mtakatifu Cuthbert, kitabu kidogo cha milimita 138 kwa 92, kilitengenezwa kaskazini mwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8. Kiliwekwa ndani ya jeneza la Cuthbert na kupatikana humo mwaka 1104 jeneza lilipofunguliwa kule Durham. Ndicho kitabu kizima cha kale zaidi Ulaya ambacho bado kina jalada lake la asili, na kimeshonwa kwa mshono wa namna ya Kikopti. Mwaka 2012 Maktaba ya Uingereza ilikinunua kwa pauni milioni 9.

Kwa majirani zetu wa Ethiopia mshono wa mnyororo haukufa kabisa. Injili za Garima, zinazotunzwa katika monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa, zimepimwa kwa kaboni na kuonekana kuwa za kati ya karne ya 4 na ya 7. Na mpaka wakati wetu wako waandishi wa Ethiopia wanaotayarisha ngozi ya mbuzi, wanaandika kwa Kigeezi, wanashona mafungu kwa mnyororo na kuyafunga kwenye vibao vya mbao. Kitabu kikiisha kinawekwa ndani ya mfuko wa ngozi uitwao mahdar na kutundikwa ukutani. Nionyesheni programu yoyote iliyotumika miaka 1,400 bila kuvunja matoleo ya zamani!

Hesabu ya kurasa

Hapa nitawapa kitu cha kujaribu wenyewe. Tuseme una faili ya PDF ya kurasa 16, na unataka kuichapisha iwe fungu moja la karatasi 4. Huwezi kuchapisha 1, 2, 3, 4 kwa kufuatana, maana ukikunja, kurasa zitachanganyika. Mpangilio ni huu, kushoto na kulia:

Karatasi ya kwanza: nje 16 na 1, ndani 2 na 15.
Karatasi ya pili: nje 14 na 3, ndani 4 na 13.
Karatasi ya tatu: nje 12 na 5, ndani 6 na 11.
Karatasi ya nne: nje 10 na 7, ndani 8 na 9.

Jumlisha kila jozi. Kila moja inaleta 17. Kanuni ni kwamba fungu la kurasa N, ambapo N inagawanyika kwa 4, kila jozi ni lazima ilete N na 1 juu yake. Ukiandika programu fupi ya kupanga kurasa, hicho ndicho kipimo chako. Jozi ikileta namba nyingine, kuna mdudu mahali. Wapiga chapa wa zamani walikuwa na kanuni hizi vichwani, nao walipanga hata kurasa 16 kwenye karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara tatu, nyingine zikiwa zimepinduliwa kichwa chini.

Waandishi wa mkono walikuwa na ukaguzi wao pia. Katika miswada mingi ya Kiarabu utaona neno moja limeandikwa peke yake chini ya ukurasa. Neno hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Mshonaji asiyejua hata kusoma maana yake anaweza kulinganisha maumbo na kujua kama karatasi zimefuatana sawasawa.

Kwetu pwani

Msidhani haya ni mambo ya nchi za watu. Kisiwani Pate, katika funguvisiwa la Lamu, uko mji wa Siyu. Leo Siyu ni kijiji tulivu chenye ngome yake maarufu, lakini katika karne ya 18 na ya 19 kilikuwa kituo cha wanazuoni na mafundi: wachonga milango, mafundi wa ngozi, na watu wa vitabu. Misahafu iliyonakiliwa Siyu kwa mkono inajulikana na wataalamu wa dunia nzima kwa maandishi yake na mapambo yake, na majalada yake ya ngozi yalitengenezwa pwani kwetu. Karatasi ililetwa kwa vyombo kutoka ng'ambo. Ujuzi ulikuwa wa wenyeji.

Mtindo wa vitabu vya Kiislamu una desturi zake. Mafungu kwa kawaida ni ya karatasi tano, yaani majani kumi. Mshono ni wa mnyororo, mara nyingi wa vituo viwili tu, kwa uzi mwembamba, kisha mgongo unabandikwa kitambaa. Juu na chini ya mgongo husukwa ukanda wa nyuzi za rangi mbili unaopishana kama mkeka. Jalada linatengenezwa kando na kuunganishwa baadaye, na upande mmoja lina ulimi unaokunjwa na kuingia chini ya jalada la mbele ili kulinda ukingo wa kurasa. Ukiona kitabu cha kale chenye ulimi huo, umeshajua kimetoka katika ukoo gani.

Na lugha yetu inakumbuka. Neno "ukurasa" limetoka katika Kiarabu "kurrasa", ambalo maana yake ni fungu la karatasi zilizokunjwa au kijitabu, wala si upande mmoja wa karatasi. Waswahili walilisikia kama wingi, wakalipatia umoja wake. "Jalada" limetoka katika neno la ngozi. "Daftari" nalo, ukilifuata nyuma kupitia Kiarabu na Kiajemi hadi Kigiriki, unafika kwenye ngozi pia. Kamusi ina kitenzi "jalidi", yaani kutia kitabu jalada, ingawa ni nadra kukisikia siku hizi. Hata "chuo", kabla ya kuwa mahali pa kusomea, kilikuwa ni kitabu chenyewe. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herkali. Kila unaposema "fungua ukurasa wa wavuti", unataja kazi ya fundi wa sindano bila kujua.

Mshonaji aliyetupa umeme

Ulaya nao waliendelea na njia yao. Kuanzia yapata karne ya 8 na ya 9 mafundi walianza kuweka kamba au mikanda ya ngozi kukatisha mgongo, na uzi ukawa unazunguka mikanda hiyo badala ya kushika fungu jirani peke yake. Ncha za mikanda zilipitishwa ndani ya vibao vya jalada. Kitabu kikawa na nguvu ya kubeba uzito mkubwa, na yale matuta unayoyaona kwenye migongo ya vitabu vya kale ndiyo hiyo mikanda. Baadaye kilikuja kiunzi cha mbao cha kushonea, kinachokaza kamba wima huku mshonaji akiongeza fungu juu ya fungu. Katika karakana za London za karne ya 18 na 19, kukunja na kushona ilikuwa kazi ya wanawake, na malipo yao yalikuwa madogo. Majina yao hayamo kwenye jalada lolote.

Jina moja la karakana hizo tunalijua sote. Mwaka 1805 kijana wa miaka 14 aitwaye Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu kwa bwana George Riebau mjini London. Alikaa huko miaka saba. Hakuwa na elimu kubwa ya shule, ila alikuwa anasoma vitabu alivyoletewa avitengeneze. Makala ya umeme katika Encyclopaedia Britannica aliikuta kazini. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya Humphry Davy. Faraday akaandika kila alichosikia, akachora michoro, akajalidi daftari hilo mwenyewe, zaidi ya kurasa 300, na kumpelekea Davy akiomba kazi. Mwaka 1813 alipata kazi katika Royal Institution. Mwaka 1831 aligundua jinsi sumaku inayosogea inavyozalisha umeme kwenye waya, na jenereta zinazozungushwa na maji au mvuke, za mto Tana na za Olkaria zikiwemo, zinafuata kanuni hiyo hiyo.

Kwa hiyo kipakatalishi chako kinadaiwa na sindano. Mimi nikifikiria habari hii huwa nawakumbuka vijana wetu wa jua kali. Hujui ni yupi kati yao anasoma anachokitengeneza.

Njia za mkato

Vitabu vilipoanza kuchapwa kwa wingi, ushonaji ulikuwa ndio hatua ya polepole. Kila mahali penye hatua ya polepole patatokea njia ya mkato.

Njia ya kwanza ilikuwa kushona mafungu mawili kwa uzi mmoja kwa zamu, ili kupunguza kazi. Ya pili ilikuwa kukata mifereji kwa msumeno kwenye mgongo na kuzamisha kamba humo, kazi ikaenda haraka na mgongo ukawa laini. Wateja waliozoea matuta walibandikiwa matuta ya bandia juu yake! Unaona, hata kudanganya kwa sura ya nje hakukuanza na tovuti.

Mwaka 1836 Mwingereza William Hancock alipata hataza ya kitabu kisicho na uzi kabisa. Alikata mikunjo yote, akabaki na karatasi moja moja, akazishika kwa mpira wa miti. Vilikuwa vitabu vizuri, vinafunguka bapa, na vilipendwa sana kwa picha kubwa. Baada ya miongo kadhaa ule mpira ulikauka, ukawa unga, na kurasa zikamwagika. Mnunuzi wa kwanza alifurahi. Aliyelipa gharama ni mjukuu wake.

Mwaka 1868 David McConnell Smyth, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa Marekani, alipata hataza ya mashine ya kushonea vitabu kwa uzi. Hiyo haikuwa njia ya mkato mbaya. Mashine za jina lake zilifuata kanuni ile ile ya uzi ndani ya mkunjo, ila kwa kasi. Kama kitabu ulichokishika mwanzoni kimeshonwa, basi karibu hakika kilishonwa na kizazi cha mashine hizo.

Katika karne ya 20 wazo la Hancock lilirudi kwa nguvu pamoja na gundi mpya, hasa zile za kuyeyushwa kwa joto. Mgongo unasagwa, gundi inapakwa, jalada linabandikwa, kazi imekwisha kwa sekunde. Vitabu vikawa rahisi, na siwezi kulalamika juu ya hilo, kwa sababu bila vitabu rahisi mimi nisingesoma. Lakini gundi ikizeeka au ikipata baridi hukakamaa. Ukikifungua kitabu kwa nguvu kinapasuka mgongo, na ukurasa mmoja ukitoka, jirani zake wanabaki bila mshikizi. Chuo kikuu nilikuwa na kitabu kinene cha algoriti ambacho kufikia mwaka wa pili sura ya miti ilikuwa inatembea peke yake ndani ya mkoba.

Tangu mwaka 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Kitabu kimoja kinatakiwa kipite mikononi mwa watoto wa mwaka huu, wa mwaka ujao na wa mwaka wa tatu. Bei ya kitabu si ile iliyo kwenye risiti tu. Ni bei hiyo ukiigawa kwa idadi ya miaka ambayo kurasa zote bado zimo ndani.

Mtihani wa maji

Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika mjini Florence, Italia. Maji, matope na mafuta ya kupashia joto nyumba viliingia katika Maktaba Kuu ya Taifa iliyo kando ya mto, na mamia ya maelfu ya vitabu vikazama. Vijana kutoka nchi nyingi walikuja kuvitoa mkono kwa mkono. Walikuja pia mafundi, wakiwemo Waingereza Peter Waters na Christopher Clarkson.

Kazi ile ilikuwa kama jaribio kubwa ambalo hakuna mtu angethubutu kulipanga. Vitabu vya kila karne vilikuwa vimepitia maji yale yale kwa wakati ule ule. Clarkson aliona kwamba vitabu vya karne ya 16 na 17 vyenye jalada jepesi la ngozi isiyo na vibao, vilivyoshonwa vizuri na kutumia gundi kidogo au bila gundi, vilistahimili ajabu. Karatasi za kisasa zenye kung'aa, kwa upande mwingine, zilishikamana zikawa kama tofali. Mwaka 1982 alichapisha maelezo ya mtindo ule wa ngozi laini, na wahifadhi wakaanza kuutumia upya kwa vitabu vyao.

Somo kubwa la Florence kwa wahifadhi lilikuwa hili: tengeneza kitu kwa namna ambayo anayekuja baada yako ataweza kukifungua bila kukiharibu. Kitabu kilichoshonwa unaweza kukata uzi, ukaosha karatasi, ukakausha, ukashona tena. Kilichosagwa mgongo hakirudi, maana mkunjo haupo tena. Sisi tunaotumia Git tunaelewa thamani ya kuweza kurudi nyuma.

Picha si kitabu

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha za kidijitali chini ya mradi wa Endangered Archives Programme wa Maktaba ya Uingereza, kazi iliyoongozwa na mwanahistoria Anne Bang. Ni kazi nzuri mno. Mtu aliye Nairobi, Muscat au Toronto anaweza kusoma kilichoandikwa bila kuchosha karatasi kwa vidole. Mimi ni wa kwanza kupiga makofi.

Lakini kamera inapiga uso wa ukurasa. Haipigi mshono. Haionyeshi ni matundu mangapi, uzi ni wa rangi gani, fungu lipi liliongezwa baadaye, wapi fundi mwingine alirekebisha. Hayo ni habari pia. Ndiyo yanayoweza kutuambia kama jalada lilitengenezwa Siyu au lilikuja na jahazi.

Kisha Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza na kudai fidia. Maktaba haikulipa, na huduma nyingi za mtandaoni, pamoja na miswada iliyokuwa imewekwa kidijitali, hazikupatikana kwa miezi mingi. Wahandisi wazuri, bajeti kubwa, nchi tajiri, na bado skrini ikawa nyeupe. Injili ya Cuthbert, yenye umri wa miaka 1,300, haikujua lolote. Kama ungeifungua siku hiyo ingefunguka.

Sisemi tuache kupiga picha. Nakala moja ni hatari, iwe ya ngozi au ya umeme. Moto na mchwa hawaheshimu mshono. Ninachosema ni kwamba tukishapiga picha tusidhani kazi imekwisha, tukatupa asili au kuiacha ioze kabatini. Nyumba nyingi za pwani, na za bara pia, zina Misahafu ya babu, daftari za madeni, vitabu vya kanisa vya ubatizo. Mgongo ukilegea, tafadhali usipake gundi ya mbao wala usibandike selotepu. Kifunge kwa utepe laini wa pamba, kiweke mahali pakavu, na utafute mtu wa makumbusho. Uzi uliokatika unarekebishika. Gundi ya haraka hairekebishiki.

Na kama wewe ni mwandishi wa programu mwenzangu, chukua karatasi 24, zikunje mafungu sita ya karatasi nne nne, tafuta sindano, uzi wa kitani au wa pamba imara na kipande cha nta, ushone daftari lako. Itakuchukua jioni moja. Utapata kurasa 96, na utajua kila moja imeshikwa na nini, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu mfumo wowote ninaoulipwa kuutunza.

Wenye kumbukumbu za mafundi wa vitabu wa Lamu, Siyu, Mombasa au kwingineko, tafadhali andikeni. Hasa nataka majina ya vifaa na ya mishono kama yalivyotamkwa na wenyewe. Nitayakusanya yote pamoja, na safari hii nitayashona.